Maswali ya Wasomaji: Flopi ya Mfumo kwa Vinanda vya Zamani

Barua za safari hii zimetoka Mwanza na miji mingine ya Kanda ya Ziwa, kwenye kwaya, bendi na studio ndogo, na karibu zote zinahusu vinanda na sampla (vyombo vinavyopiga sauti zilizorekodiwa) za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Vyombo hivyo vingi havikuwekewa mfumo wake wote ndani. Ndani mna programu ndogo tu ya kuanzia, ambayo kazi yake ni kusoma flopi (diski laini ya sumaku iliyo ndani ya ganda la plastiki) na kupandisha mfumo kwenye kumbukumbu. Flopi ikikosekana, chombo kizima kinabaki kuomba diski, hata kama kila funguo na kila saketi ni nzima. Inauma kuona kinanda kizima kabisa kimewekwa stoo kwa kukosa kipande cha plastiki, na ndiyo maana tumejibu kwa urefu.

Shikamooni mafundi. Kwaya yetu imepewa kinanda cha Ensoniq EPS bila diski hata moja. Nimepata faili la mfumo kwenye intaneti, nikanunua draivu ya flopi ya USB, nikalinakili faili kwenye flopi. Kompyuta inalionyesha vizuri kabisa, lakini kinanda kinasoma kidogo kisha kinakataa. Nimebadilisha flopi mara kadhaa, bado. Kosa liko wapi?
*Mwalimu wa kwaya, Igoma*

Marahaba, mwalimu. Flopi zako huenda ni nzima na faili pia. Tatizo ni jinsi lilivyowekwa.

Faili ulilopata ni taswira ya diski, yaani nakala ya kila sekta (kipande kidogo cha kuhifadhia data) ya flopi ya asili, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, zikiwa zimefuatana ndani ya faili moja. Ukilinakili kama unavyonakili barua au picha, kompyuta inatengeneza flopi ya kawaida ya DOS (mpangilio wa mafaili wa kompyuta za zamani) yenye faili moja ndani yake. EPS haijui DOS. Inakwenda moja kwa moja kwenye sekta inazozitegemea na kukuta kitu kingine. Taswira haiwekwi ndani ya flopi. Inaandikwa juu ya flopi nzima, sekta kwa sekta.

Hata ukiwa na programu inayoandika hivyo, draivu yako ya USB itakukwamisha. Flopi ya inchi 3.5 ina traki 80, yaani njia za duara, kila upande, na inazunguka mara 300 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja ni sekunde 0.2. Kwa kasi ya biti 250,000 kwa sekunde, traki moja inabeba baiti 6,250 ghafi. Kompyuta za kawaida zinaweka humo sekta 9 za baiti 512, jumla 4,608, na nafasi inayobaki inatumika kutenganisha sekta. Ensoniq walibana zaidi: sekta 10 za baiti 512 kwa kila traki, zenye namba 0 hadi 9, wakati kompyuta huanza na 1. Hivyo diski ya EPS ina baiti 819,200, na ya kompyuta ina 737,280. Draivu ya USB ina kidhibiti chake ndani, nacho kimefundishwa mipangilio michache tu, hasa ya 720 KB na ya 1.44 MB. Hakuna amri ya kukiambia kiandike sekta kumi. Kwa hiyo usipoteze hela kutafuta programu nyingine, na usinunue vile vibao vinavyounganisha draivu ya kawaida na USB ukidhani ni kitu tofauti. Vingi vyao vina kidhibiti cha aina ileile.

Njia tunayoipendekeza ni kibao kinachoitwa Greaseweazle, kilichobuniwa na Keir Fraser. Chenyewe hakijali sekta. Kinaandika mabadiliko ya sumaku yenyewe juu ya diski, na mpangilio unaupanga kwenye kompyuta. Utahitaji vitu vinne: kibao hicho, draivu ya flopi ya inchi 3.5 iliyotolewa kwenye kompyuta ya mezani ya zamani, kebo bapa ya pini 34, na umeme wa volti 5 kwa ajili ya draivu. Draivu na kebo usiagize mbali. Waulize mafundi wa kompyuta wa mjini wenye marundo ya mashine mbovu, wengi huzitupa.

Kabla ya kuunganisha, angalia ukubwa wa faili lako kwa baiti, sio kwa megabaiti. Likiwa na 819,200 kamili, hiyo ni taswira ghafi na iko tayari. Likiishia na .EDE, ni taswira ya EPS iliyobanwa, na itabidi kwanza uigeuze kuwa .img kwa programu kama Epslin. Likiishia na .HFE, Greaseweazle inalipokea hivyohivyo. Na hakikisha limeandikwa EPS, si EPS-16 Plus wala ASR-10. Hao ni ndugu wa familia moja, ila mfumo wa mmoja haumwashi mwingine.

Ukishasakinisha gw, ambayo ni programu ya Greaseweazle, chomeka kibao na uandike:

`gw info`

Kibao kikijibu, endelea kwenye draivu:

`gw rpm --drive=A`

Jibu liwe karibu sana na 300. Likiyumba, draivu imechoka. Tafuta nyingine kabla hujaharibu muda. Isipojibu kabisa, angalia kebo. Kebo za kompyuta zina waya chache zilizopindwa karibu na ncha moja: draivu iliyo baada ya mpindo ni A, iliyo kwenye kebo nyoofu ni B. Kama umetumia kebo nyoofu, weka `--drive=B` kwenye kila amri. Taa ya draivu ikiwaka muda wote bila kuzima, kebo umeipachika kinyume upande mmoja. Zima, igeuze.

Halafu weka flopi isiyo na kitu cha thamani, uifute na kuiandika:

`gw erase --drive=A`
`gw write --drive=A --format=ensoniq.800 eps.img`

Usiruke hatua ya kufuta. Flopi iliyowahi kutumika ina mabaki ya sumaku ya zamani, na mabaki hayo ndiyo yanayoleta makosa ya hapa na pale yasiyoeleweka. Programu inaandika traki na kuisoma tena papo hapo kuhakiki. Ikilalamika traki ileile kila mara, hapo flopi ina doa. Malalamiko yakiwa kwenye traki tofauti kila mara, safisha kichwa cha draivu.

Sasa, inawezekana kompyuta ikaridhika na kinanda kikakataa. Hapo mara nyingi vichwa vya draivu mbili havikulingana: kila kimoja kinapita pembeni kidogo ya njia ya mwenzake, chake mwenyewe kinasoma vizuri, cha mwenzake kinapapasa. Andika upya kwa draivu nyingine ya kompyuta kabla hujagusa kinanda. Usianze kulegeza skrubu za draivu ya kinanda. Ukiipoteza ile nafasi yake, hata diski za asili haitazisoma tena.

Kama una kompyuta ya zamani yenye tundu la flopi kwenye ubao mama na Windows XP, programu ya OmniFlop inaandika diski za Ensoniq bila kibao chochote, kwa sababu kidhibiti kile cha zamani kinakubali kupangiwa idadi na namba za sekta. Ni njia nzuri, na haina gharama kama mashine ipo.

Kinanda kikiwaka, jambo la kwanza kabla hata ya kupiga noti moja: tengeneza flopi nyingine mbili au tatu kwa kinanda chenyewe. EPS ina amri ya kufomati na ya kunakili mfumo kwenye menyu zake za diski. Nakala iliyoandikwa na draivu yake yenyewe ndiyo itakayoisoma kwa urahisi kuliko zote.

Usisubiri pia kwamba kiwanda kitakusaidia. Ensoniq ilinunuliwa na Creative mwaka 1998 na jina likafa baada ya hapo. Diski hizi sasa wanatengenezeana wapigaji wenyewe.

Habari za kazi. Nina Roland W-30 na draivu ya USB. Nimesoma mahali kwamba draivu za USB hazifai kwa sampla. Je, nami nitafute kibao cha Greaseweazle?
*Mpiga kinanda, Bukoba*

Nzuri, ndugu. Wewe una nafuu. W-30, pamoja na S-50, S-330 na S-550, zinatumia traki 80, pande mbili, sekta 9 za baiti 512. Huo ni mpangilio wa 720 KB ambao draivu ya USB inaujua. Kilicho tofauti ni yaliyomo tu, kwani Roland hawakutumia mfumo wa mafaili wa DOS. Kwa hiyo Windows ikiisoma diski hiyo itasema haijafomatiwa na kukuuliza kama uifomati. Usikubali kamwe. Kila flopi ya sampla unayoiingiza kwenye kompyuta ifungue kwanza kile kitundu cha kuzuia kuandika. Tundu likiwa wazi, diski haiandikiki hata mtu akibonyeza asichokijua.

Tumia Linux, hata ile ya kuwasha kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Chomeka draivu, weka flopi ya DD (ya ujazo mdogo, si HD ya ujazo mkubwa), kisha andika `lsblk` uone imepewa jina gani. Diski yako kuu itaonekana kwa ukubwa wa mamia ya gigabaiti. Flopi itakuwa chini ya megabaiti mbili. Tuseme ni sdb. Simama hapo usome tena mara ya pili, kwa sababu amri ya `dd` haiulizi swali: ukiandika sda badala ya sdb, unafuta mwanzo wa diski kuu ya kompyuta, pamoja na picha za familia.

`sudo ufiformat -V -f 720 /dev/sdb`
`sudo dd if=w30.img of=/dev/sdb bs=512 conv=fsync`

Faili la w30.img liwe na baiti 737,280. Baada ya hapo toa flopi, irudishe, kisha hakiki:

`sudo cmp -n 737280 w30.img /dev/sdb`

Ikirudi kimya bila neno, nakala ni sawa. Ile kuitoa na kuirudisha ina sababu: bila hivyo kompyuta inaweza kulinganisha na kile ilichokikumbuka yenyewe, si kile kilichomo kwenye flopi.

Zipo draivu za USB zinazokataa kufomati 720 ingawa zinaisoma. Ukipata ya hivyo, azima nyingine au tumia flopi ambazo tayari zina fomati ya 720.

Flopi za DD hazipatikani kabisa huku kwetu, zilizopo ni za HD. Fundi mmoja ameniambia nizibe tundu kwa selotepu. Ni kweli au ananidanganya?
*Dada wa studio, Nyegezi*

Ni kweli, dada, lakini selotepu angavu haitoshi.

Shika flopi ya HD uitazame. Ina matundu mawili, moja kila pembe ya chini. Lenye kidude kinachoteleza ni la kuzuia kuandika. La upande wa pili, lisilo na kitu, linaiambia draivu kwamba hii ni HD. Draivu nyingi za sampla za miaka ya 1980 hazina kabisa kihisio cha tundu hilo, zinaandika kama DD tu. Draivu ya kompyuta inacho, na ikiliona tundu inapandisha kasi hadi biti 500,000 kwa sekunde. Matokeo ni diski ambayo kompyuta inaisifu na sampla inaikataa.

Baadhi ya draivu zinahisi kwa kipini kinachozama kwenye tundu, na nyingine kwa mwanga unaopita. Tepu angavu inaweza kukidanganya kipini ikishindwa kuuzuia mwanga. Tumia tepu nyeusi ya umeme au ile ya alumini, kipande cha kama sentimita moja kila upande wa tundu, na ukibonyeze kingo mpaka kilale kabisa. Kikinyanyuka kitakwama ndani ya draivu na kukitoa ni kazi.

Unga wa sumaku wa HD na wa DD kwa inchi 3.5 haupishani sana, ndiyo maana ujanja huu unafanya kazi. Lakini unapishana, na diski iliyokwisha fomatiwa kwa HD inashikilia alama zake. Kwa hiyo ziba tundu kwanza, kisha ifute yote kwa kifaa cha kufutia kanda au kwa `gw erase`, ndipo uifomati kwa DD. Kwa kurekodi kazi ya muda inatosha. Kwa flopi ya mfumo, ile ya kila Jumapili, tafuta DD halisi kama unaweza, hata ukipata mbili tu. Sony waliacha kuuza flopi mwaka 2011, kwa hiyo zinazouzwa leo kama mpya zina miaka mingi kabatini. Nunua kumi ukitegemea kupata saba nzuri.

Tahadhari ya upande wa pili: ASR-10 inatumia HD halisi. Inaweka sekta 20 kwa traki, baiti 1,638,400 kwa diski, na tundu lazima liwe wazi. Kwenye Greaseweazle andika `ensoniq.1600` badala ya `ensoniq.800`.

Tumerithi sanduku zima la flopi za bendi lililokaa nyumba ya jirani na ufuko kwa miaka. Baadhi zina kama unga mweupe. Tuzijaribu?
*Mzee wa bendi, Nansio, Ukerewe*

Shikamoo mzee wetu. Zisiingizwe kwenye draivu yoyote mpaka zikaguliwe.

Unga huo ni ukungu, na unyevu wa ziwa unaulisha vizuri. Shika flopi mbele ya taa, vuta lile bati la mbele pembeni kwa kidole gumba, na kwa mkono wa pili zungusha kitovu cha chuma nyuma yake taratibu, mzunguko mzima, kisha geuza uone upande wa pili. Diski nzima inang'aa kahawia au nyeusi sawasawa, kama kioo chenye kiza. Ukungu unaonekana kama vitone vyenye kingo za duara au ukungu mwembamba kama pumzi juu ya kioo, tofauti ni kwamba hauondoki. Mstari wa duara unaong'aa au ulio mweupe ni jeraha: unga wa sumaku umekwanguliwa, na data iliyokuwepo imekwenda nao.

Diski yenye ukungu ikizunguka, kichwa kinaukwangua, uchafu unaganda juu ya kichwa, kisha uchafu huo unakwangua diski inayofuata, ambayo ilikuwa nzima. Hivyo ndivyo sanduku zima linavyoisha jioni moja. Tenganisha mafungu matatu: safi, zenye ukungu, zilizokwanguliwa.

Zile zenye ukungu na zenye kazi ya maana zinaokoleka. Fungua ganda kwa kisu chembamba kwenye kiungo, toa ile sahani laini ukiishika kitovuni tu, ifute pande zote kwa kitambaa kisicho na vinyweleo kilicholoweshwa spiriti ya isopropili, ukipita kuizunguka duara bila kukandamiza. Iache ikauke. Kisha iweke kwenye ganda la flopi mpya uliyoitoa kafara. Bitana la ndani la ganda la zamani limejaa mbegu za ukungu, usilirudishe. Isome mara moja kwa draivu ya akiba, ihifadhi kama taswira, na hiyo flopi istaafu.

Kichwa cha draivu kisafishe kwa pamba ya kijiti na spiriti hiyohiyo, mwendo mdogo, bila kuinua mkono wa juu wa kichwa kuliko unavyonyanyuka wenyewe. Ukiupinda, draivu imekwisha. Flopi zilizopona ziwekwe kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, mbali na spika. Sumaku ya spika kubwa za kwaya inatosha kuharibu diski iliyowekwa juu yake.

Nimechoka na flopi. Nimenunua Gotek, kifaa kinachoiga draivu ya flopi kwa kutumia flashi, niweke kwenye Akai S950 na nyingine kwenye EPS ya rafiki. Nimefunga, kioo cha Gotek kinawaka, lakini chombo hakioni kitu.
*Fundi wa sauti, Kirumba*

Kaka, uamuzi ni mzuri, ila Gotek inavyotoka dukani imepangwa kwa kompyuta. Sampla nyingi za zamani zinafuata mpangilio wa Shugart, na kuna tofauti mbili zinazokukwamisha.

Ya kwanza ni namba ya draivu. Draivu ya kompyuta inaitika kwa namba 1, na ule mpindo wa kebo ndio unaopanga nani A na nani B. Sampla ina kebo nyoofu na huita namba 0. Kwenye Gotek hamisha jampa (kile kijiplagi kinachounganisha pini mbili) uiweke S0. Ya pili ni pini 34. Kwenye kompyuta pini hiyo inasema diski imebadilishwa. Kwenye Shugart inasema draivu iko tayari. Sampla inasubiri kuambiwa "tayari", haiambiwi, inakaa kimya. Hilo ndilo pia jibu kwa wasomaji wawili waliouliza kwa nini draivu ya kompyuta waliyoipachika kwenye sampla haifanyi kazi ingawa plagi zimeingia sawa.

Weka programu ya FlashFloppy kwenye Gotek yako, nayo ni kazi ya Keir Fraser yuleyule. Kisha kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32 tengeneza faili la maandishi liitwalo FF.CFG. Kwa EPS liwe na mistari hii:

`interface = shugart`
`host = ensoniq`

Kwa S950:

`interface = akai-s950`
`host = akai`

S950 ina mpangilio wake peke yake kwa sababu inatumia pini 2 kuambiwa kama diski ni HD. Usipoandika mstari wa interface kabisa, FlashFloppy inafuata jampa ya JC: ikiwa wazi ni Shugart, ikifungwa ni kompyuta.

Juu ya umeme: Gotek inataka volti 5 tu, na 12 zitaiunguza. Plagi ndogo ya flopi ina njia nne, mbili za katikati ni ardhi, moja ya pembeni ni volti 5, ya upande wa pili ni 12. Usiamini rangi za waya ndani ya kinanda cha miaka 35. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka. Na ile draivu ya zamani uliyoitoa ifunge kwenye nailoni uiweke. Siku utakapotaka kuokoa sauti za mtu, utaitafuta.

Ensoniq Mirage yangu ina flopi moja tu inayowasha, nayo imeanza kusita. Nifanyeje kabla haijafa?
*Msomaji, Musoma*

Kwanza acha kuiwasha nayo. Fungua tundu la kuzuia kuandika, na uitunze mpaka draivu safi ya kompyuta na Greaseweazle viwe tayari. Mirage ndiyo ngumu kuliko zote tulizozitaja: inatumia upande mmoja tu, na kila traki ina sekta 5 za baiti 1,024 pamoja na moja ya 512. Mara 80, ni baiti 450,560.

Isome kwanza kama sumaku ghafi, mizunguko mitano kwa kila traki:

`gw read --drive=A --revs=5 --raw mirage.scp`

Kisha igeuze bila kuigusa tena flopi:

`gw convert --format=ensoniq.mirage mirage.scp mirage.img`

Faida ya kusoma ghafi ni kwamba sekta ikikosekana kwenye mzunguko mmoja, inaweza kupatikana kwenye mwingine. Ripoti ikionyesha sekta zilizobaki mbovu, safisha kichwa, soma tena mara moja, ikiwezekana kwa draivu nyingine. Ikitimia, andika taswira kwenye flopi mbili za DD zilizofutwa.

Kuna nafuu moja kwako. Diski za sauti za Mirage zilibeba mfumo pia, pamoja na sauti tatu za mkono wa kushoto na tatu za kulia. Kwa hiyo diski yoyote nzima ya sauti, hata ya kuazima, itakiwasha kinanda.

Kinanda changu ni Yamaha PSR-740, nacho kina flopi. Nahitaji haya yote?
*Mama wa kwaya, Sengerema*

Hapana, mama. Mfumo wake uko ndani tayari, na flopi ni ya kuhifadhi kazi zako tu. Inatumia diski za DOS za kawaida, 720 KB au 1.44 MB, kwa hiyo draivu yako ya USB na kunakili kwa kawaida vinatosha. Majina ya mafaili yasizidi herufi nane kabla ya nukta, yaishie na .MID, na wimbo uhifadhiwe kwa muundo wa MIDI wa 0 (Format 0) unapoutoa kwenye kompyuta.

Kinanda changu kimetoka Marekani. Nikikipa umeme wa huku kwa transfoma, flopi zitaandikika sawasawa?
*Msomaji, Geita*

Zitaandikika. Kasi ya draivu inatokana na volti za ndani zilizokwisha nyooshwa, haitegemei hezi 50 au 60 za ukutani. Soma bamba la nyuma: cha Marekani ni volti 120, cha soko la Japani ni 100, na transfoma ilingane na hiyo namba hasa. Hatari yako iko kwenye umeme kukatika chombo kikiwa kinaandika, kwa sababu traki inabaki nusu na orodha ya diski inaweza kuharibika nayo. Weka UPS ndogo kabla ya transfoma, na flopi ya mfumo iwe imefungwa isiandikike kila unapoiingiza.

Unapozima pia, toa flopi kwanza. Umeme unaposhuka, kichwa kinaweza kuacha alama juu ya traki kilipokuwa kimesimama, na kwenye diski ya mfumo traki moja ikiharibika diski nzima haiwashi.